Kabla Hujasema "Mungu Amenionyesha"

Mimi ni mzaliwa wa Mgeta, upande ule wa Uluguru unaotoa njegere na kabichi zinazoliwa Dar es Salaam. Nimefundisha miaka 31, na kwa nusu ya miaka hiyo watu wa parokia yetu wamekuwa wakinijia jioni, mmoja mmoja, na swali lilelile lililovaa nguo tofauti. Nimuoe huyu au nimwache? Niende utawani au nibaki? Niuze shamba nikafungue duka Msamvu? Wakishamaliza kueleza huteremsha sauti: "Mwalimu, nitajuaje kama Mungu ndiye anayetaka?"

Morogoro ni mji wa watu wenye swali hilo. Kola na Bigwa kumejaa nyumba za malezi ya mapadri na masista. Kuna SUA, kuna Mzumbe, kuna Jordan, kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, na kila mwaka vijana wanashuka stendi ya Msamvu wakiwa na begi moja na uamuzi ambao mara nyingi si wao. Usiku wa Ijumaa kuna makanisa Kihonda yanakesha, na adhana ya alfajiri inawakuta watu bado wanalia. Kilio hicho sikidharau hata kidogo. Ninayoyakataa ni yale wanayoyafanya wakishafuta machozi. Nitayasema yalivyo, bila kuyapaka asali.

Taja kwanza unachokitaka wewe

Hili linatangulia mengine yote, na ukiliruka usiendelee kusoma.

Nilikuwa na miaka 23, mwaka wa pili katika nyumba moja ya malezi. Mama alikuwa ameniwekea nadhiri nikiwa bado tumboni, baada ya kupoteza watoto wawili. Sikuwahi kuulizwa na sikuwahi kukataa. Lakini kila nikikaribia kuandika barua ya kuomba kuendelea, tumbo lilikuwa linauma. Nilisali novena tatu mfululizo. Nikamfuata mlezi wetu, padri mzee, nikamkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo, mvua ya masika inapiga bati mpaka inabidi upaze sauti.

"Baba, Mungu hanijibu."

Hakuinua kichwa. "Wewe unataka nini?"

"Nataka mapenzi ya Mungu, Baba."

"Hayo ni ya Mungu. Nimekuuliza wewe."

Nikakosa la kusema. Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani. "Hujamwambia neno, unataka akujibu nini?"

Ilinichukua siku nne kuipata sentensi ya kumjibu. Niliisema peke yangu, njiani, kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri wizi: nataka kufundisha, na nataka kuzaa watoto. Basi. Maneno machache tu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeyafunika kwa sala.

Tangu siku hiyo nimeona jambo hilohilo kwa watu wengi mno. Wanaomba Mungu awachagulie kati ya hili na lile, nao moyoni wameshachagua, au wanaogopa kujua walichochagua. Sala ya namna hiyo ni kumficha Mungu kitu ambacho yeye anakiona. Kwa hiyo: andika kwenye karatasi, "Mimi nataka…", na umalizie. Ukiona aibu, andika hivyohivyo. Ukiona ni dhambi, andika, kisha uipeleke panapostahili. Usipige goti la pili kabla karatasi hiyo haijaandikwa.

Tenganisha tamaa na haja

Kiswahili kimetupa maneno mawili na sisi tunayachanganya. Tamaa tumeipaka matope tangu utotoni. Mtoto akitaka kitu anaambiwa ana tamaa. Haja ni neno jingine kabisa. Anayekwenda kuomba dua husema, "Nina haja zangu," na hakuna anayemcheka. Haja ni kile ambacho usipokipata unapungua.

Namna ya kuvitenganisha ni hii. Tamaa hubadilika kila unapoona kingine. Leo unataka pikipiki kwa sababu rafiki yako amenunua, kesho unataka kwenda Dodoma kwa sababu binamu yako amehamia huko. Haja hurudi ileile. Uliikuta ukiwa na miaka 15, ukaizika, ikakutokea tena ukiwa na miaka 22, ukaizika, na sasa una miaka 30 nayo imekaa palepale inakungoja. Mwenye haja ya namna hiyo asiambiwe kwamba anapingana na Mungu. Nani aliyeiweka humo?

Lakini usikimbilie kusema kila kinachowaka ni haja. Vijana wa hapa wakitaka kuacha shule hunitajia mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Kweli, aliacha shule kwa ajili ya gitaa, na mwaka 1970 Morogoro Jazz wakapiga muziki Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Ninamheshimu, na jina la mji huu alilibeba mbali kuliko wengi wetu. Ila anayenitajia Mbaraka namwuliza: gitaa lako liko wapi? Jana ulipiga saa ngapi? Mara nyingi hana gitaa. Anachokitaka ni kutokwenda shule, na hicho ni kitu kingine.

Usimsingizie Mungu

"Mungu amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu." Sentensi hii imesemwa kwenye kwaya za mji huu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila inaposemwa kuna binti anakosa pa kutokea. Akikataa, amekataa neno la Mungu. Akikubali, ameolewa na hofu. Kijana, huo ni unyang'anyi. Unampora mwenzako haki ya kusema hapana, kisha unamtwisha Mungu mzigo wa kupora.

Sema: "Nakupenda. Nimekuombea muda mrefu. Wewe unasemaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Kama Mungu amekuonyesha kweli, hatashindwa kumwonyesha na yeye.

Mchungaji anayetaka kuhamisha kanisa, baba anayetaka kuuza nyumba ya familia, mke anayetaka kuondoka: wote nawaambia hivyohivyo. Sema "nimeomba, na ninaona hivi". Acha mlango wazi ili mwenzako aweze kukwambia umekosea. Anayesema "Mungu amesema" ameufunga mlango huo na kutia kufuli, hata kwa siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa anahitaji kutoka.

Usiuze kitu kwa neno la mtu atakayepokea hela

Hapa sina huruma.

Mwaka 2009 nchi hii ililia kwa sababu ya DECI. Mlioisahau niwakumbushe: ilikuwa michango iliyopewa lugha ya kanisani, kupanda mbegu na kuvuna, nayo iliingia kwa watu kupitia makanisani humohumo. Waliotangulia walivuna, tena kweli, kwa hela za waliofuata. Serikali ikaisimamisha, viongozi wakafikishwa mahakamani, na maelfu wakabaki na risiti.

Mama mmoja wa upande wa Kinole, mtu ninayemfahamu, alishapata mnunuzi wa mikarafuu yake kumi na miwili pamoja na kipande cha ardhi kilichoibeba, ili hela aipande DECI. Alikuwa amefunga siku saba. Alikuwa ameota maua. Lakini sisi Waluguru ukoo wetu unapita kwa mama, na ardhi ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja. Ilibidi apande kwa mjomba wake. Alinisimulia mwenyewe. Alifika, akaamkia shikamoo, akapewa kigoda, akaeleza kila kitu, pamoja na ndoto. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Hao wanaovuna, wamepanda nini?"

"Hela, mjomba."

"Hela inaota wapi?"

Hakuwa na jibu. Mjomba akasema ardhi haiuzwi, na akaongeza kwamba akitaka kukasirika akasirike. Alikasirika miezi miwili. Baadaye DECI ikaanguka, na mikarafuu ile bado ipo. Mwaka juzi alinipa karafuu za chai kwenye kikaratasi cha daftari.

Mzee yule hakuwa amesoma uchumi. Alikuwa anajua shamba, na alikataa kuacha ujuzi huo mlangoni eti kwa sababu jambo limevaa nguo za dini. Fanya hivyo na wewe. Ukiambiwa Mungu anataka utoe, uza, acha, hama, tazama kwanza hela inaingia mfuko wa nani. Ukiona inaingia kwa yule anayekuletea ujumbe, inuka uondoke.

Na usiache dawa. Mwaka 2011 watu walikesha barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu waliamini wamepona. Tuliwazika. Mwaka 2023, jirani zetu wa Kenya walifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge kula ili wamwone Yesu, pamoja na watoto wao. Watoto hao hawakuamua lolote. Kila mtu anayekwambia kwamba imani ni kuacha kutumia akili, mkumbuke mtoto wa Shakahola, kisha umwache msemaji huyo asimame peke yake.

Usipige ramli kwa Kitabu

Kufumba macho, kufungua Biblia na kushusha kidole gumba ni ramli. Kusema "gari la kwanza kuingia Msamvu likiwa jekundu nitajua ni ndiyo" ni ramli. Hakuna tofauti na kibuyu, isipokuwa kibuyu hakijifichi.

Ndugu zetu Waislamu wana istikhara, na huko nako yameingia mambo. Jirani yangu wa zamani pale Mji Mpya, fundi cherehani, alikuwa akiwakaripia vijana waliokwenda kulala wakisubiri ndoto ya rangi: nyeupe nimuoe, nyeusi nimwache. Aliwaambia, na mguu wake ukiwa bado juu ya cherehani, kwamba istikhara ni rakaa mbili za sunna na dua, baada ya mtu kulitazama jambo na kulitakia shauri. Kisha unaanza kulifanya. Likiwa na heri litafunguka, likiwa na shari utaepushwa nalo, na katika dua hiyohiyo unaomba uridhishwe na kitakachokuja. Ndoto si sharti. "Omba, halafu shona," alikuwa akisema, "nguo haijishoni." Sijasikia padri akilieleza vizuri zaidi, nami nimesikiliza mapadri wengi.

Usiamue ukungu ukiwa umeshuka

Mwenye kupanda mlima Bondwa wakati wa masika anajua. Unatoka mjini kuko kweupe, unapita Morningside, na saa moja baadaye wingu linakumeza. Huoni minara iliyo kileleni wala mguu wako mwenyewe. Nikiwa kijana tulikuwa watatu. Mmoja akasema njia iko kushoto, akaenda. Sisi wawili tukakaa chini pale tulipokuwa, tumeshika mizizi, tumelowa, tunatetemeka. Wingu likapanda baada ya muda, tukaiona njia, na tukamwona mwenzetu upande wa pili wa korongo, analia. Tulimrudisha akiwa amevunjika mkono.

Kwa hiyo usiamue ndani ya siku 40 za msiba. Usiamue ukiwa umefunga na njaa inakupiga masikioni. Usiandike barua ya kuacha kazi usiku ule uliotukanwa. Usikubali posa kwa sababu mdogo wako ameolewa wiki iliyopita.

La pili linafanana na hilo na watu hulisahau: ulichokiamua kukiwa kweupe, usikitengue gizani. Binti aliyeingia utawani kwa moyo mkunjufu akafika mwezi wa tano haoni ladha ya sala wala ya chakula, asifungashe usiku. Akae, afanye kazi zake, aseme kwa mlezi wake, asubiri mwanga urudi. Ukirudi na bado anataka kuondoka, aondoke mchana, kwa mlango wa mbele, bila kujificha.

Tazama kinachobaki

Mwaka 1521 askari mmoja wa Kihispania, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona. Alikuwa na miaka kama 30, mpenda sifa na mabibi. Alipolazwa nyumbani aliomba hadithi za mashujaa, hazikuwepo. Akapewa maisha ya Yesu na ya watakatifu. Basi akawa anaota mchana mambo mawili kwa zamu: mara anamtumikia bibi mkubwa, mara anatembea pekupeku kama watakatifu. Ndoto zote mbili zilimfurahisha, ila baada ya ile ya kwanza alibaki mkavu, na baada ya ile ya pili furaha ilikaa. Aliligundua hilo akiwa kitandani, na kutokana nalo akaja kuandika mazoezi ya kiroho ambayo watu wanayatumia mpaka leo.

Nami nakuagiza ujipime vivyo hivyo. Una njia mbili. Jumatatu mpaka Jumapili, ishi kana kwamba umeshachagua ya kwanza. Usimwambie mtu. Amka nayo, ipigie hesabu, ifanyie vijikazi vidogo. Wiki inayofuata, ya pili. Kila usiku andika mstari mmoja: nimebakiwa na nini? Usiandike umefurahi kiasi gani. Andika kilichobaki baada ya furaha kutulia.

Binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita nilimpa kazi hii. Wazazi walitaka uuguzi, na uuguzi ni kazi njema; njia ya pili ilikuwa kilimo. Wiki ya uuguzi iliandikwa vizuri daftarini, mistari saba, yote ya adabu: "nitasaidia watu", "wazazi watafurahi". Wiki ya kilimo alikuwa kwa bibi yake Bunduki. Mstari wa Jumatano ulikuwa na udongo. Aliandika kwamba ameamka saa kumi na moja bila kuamshwa, akaenda kuangalia kitalu cha kabichi kwa tochi ya simu, kwa sababu jana yake aliona majani yana matundu na hakuweza kulala bila kujua ni mdudu gani. Nikamrudishia daftari, nikamwambia asome mwenyewe. Hakuhitaji niongeze neno.

Uliza watu wachache, na uwachague

Anayeuliza watu ishirini anatafuta mmoja wa kumwambia anachotaka kusikia. Waulize watatu. Wa kwanza awe mtu atakayepata hasara ukiamua unavyotaka. Sikiliza kama hata yeye anakubali kwamba ndivyo ulivyo. Wa pili awe mkubwa wako, mjomba au shangazi, mtu aliyekujua kabla hujajua kujieleza. Heshima ya kumwuliza si kukubali kuamuliwa. Unamwamkia, unakaa chini, unasikiliza, unashukuru, na uamuzi unabaki wako.

Wa tatu awe mtani wako. Hili wengine wataliona dogo. Mtani ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa na mila kukwambia ukweli mbele za watu bila wewe kununa. Kwenye msiba ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza uchoyo wake. Mfuate ukiwa hai. Mwambie, "Nataka kugombea udiwani, Mungu amenitia moyo." Uso wake utakwambia kabla hajafungua mdomo.

Jihadhari na uamuzi usiokugharimu

Mwaka 1955 yalitokea mambo mawili ninayoyafundisha pamoja, ijapokuwa vitabu vya shule vinayatenganisha.

Machi mwaka huo Julius Nyerere alirudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York. Alikuwa rais wa TANU na wakati huohuo mwalimu wa shule ya wamisionari, Pugu. Waajiri wake wakamtaka achague. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, mtu wa Misa. Waliomwambia achague walikuwa mapadri wa Kanisa lake. Angeweza kusema kwamba sauti ya mapadri ndiyo sauti ya Mungu, na mshahara ungeendelea. Aliandika barua ya kuacha kazi, akarudi Butiama na familia yake. Hakuacha Misa wala hakuacha TANU. Mtu anayeniambia kwamba kumtii Mungu ni kukubali kila anachoambiwa na mwenye kanzu, namwambia aitazame barua ile.

Mwaka huohuo, huku kwetu, serikali ya kikoloni ilikuwa na mradi wa kuuokoa udongo wa Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Wataalamu hawakuwa wajinga, udongo ulikuwa unateremka kweli. Lakini kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba, kuchimba ngazi kulifukia rutuba na kuleta juu udongo usiozaa, na aliyeshika jembe hakuulizwa. Zikatokea ghasia upande wa Matombo, na mradi ukafa. Ngazi zile hazikudumu. Huku Mgeta tunalima kwenye ngazi mpaka leo, zile tulizorithi kwa bibi zetu, na kila mwenye shamba anajua kwa nini ukingo wake umepinda pale ulipopinda.

Uamuzi uliochimbiwa na mwingine utaubomoa mwenyewe. Na uamuzi usiokugharimu chochote, hata usingizi wa usiku mmoja, bado hujauamua, umeupitia tu.

Weka tarehe

Usisubiri uhakika. Haupo. Weka tarehe, sali mpaka tarehe hiyo, kisha amua, na kabla jua halijazama fanya kitendo kimoja ambacho hakirudi nyuma kirahisi: lipa, andika, piga simu, rudisha ufunguo.

Ukishafanya, usimwulize Mungu tena swali lilelile kila asubuhi. Mwombe nguvu.

Wazazi, msiwaote watoto wenu

Nimeliweka mwisho kwa sababu linaniuma.

Nadhiri iwekwe na mwenye maisha. Mama, unaweza kumtolea Mungu mtoto wako kwa maana ya kumshukuru na kumkabidhi. Huwezi kumwahidi kazi atakayoifanya. Baba, ukisema "katika ukoo huu lazima atoke shekhe", mtafute kwanza anayetaka kuwa shekhe. Mtoto akiwa na miaka 12 mwulize anachokitaka, na usicheke jibu lake. Akiwa na miaka 18 mwulize tena, na uwe tayari kusikia lilelile.

Nilipotoka katika nyumba ile nilikwenda moja kwa moja Mgeta kumwambia mama. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya. Hakunisemesha masika mawili. Salamu zangu alizipokea kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshataja ninachokitaka, nimeshakaa chini ya ukungu, nimeshauliza watu watatu, na bado usiku nililia. Sikuona ishara yoyote. Niliendelea na chuo cha ualimu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa shule ya msingi ya hukohuko kwetu, darasa la pili, watoto 74 na madawati 15. Siku moja ya mwezi wa tatu mlango ukafunguka, akaingia mama na kikapu kichwani, amelowa magoti. Hakusema kilichomleta. Alikwenda nyuma, watoto wakasogea pembeni kumpisha, akakaa kwenye ncha ya benchi. Niliendelea na silabi, ba be bi bo bu, mkono unatetemeka ubaoni. Nilipogeuka nilimwona midomo inatikisika nikadhani anasali. Alikuwa anahesabu watoto.

Kipindi kilipokwisha alikuja mpaka mezani kwangu.

"Hawa wanakula nini mchana?"

"Hawali, mama. Wanarudi nyumbani saa nane."

Akalitazama lile darasa tena, safu kwa safu. Wiki iliyofuata akaleta mahindi debe moja na sufuria yake kubwa ya msiba.